Kutoka Kitochi Hadi Simu Janja: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Simu Itakayodumu na Bando Utakalolimudu

Wengi wanaonunua simu janja kwa mara ya kwanza huanzia dukani. Mtu anaingia na laki mbili au tatu, muuzaji anamwonesha kamera, anapigwa picha moja ya kujaribia, analipa. Miezi sita baadaye kioo kimepasuka na fundi anataka karibu nusu ya bei ya simu. Nafasi imejaa hadi WhatsApp haipokei picha, na bando la elfu moja halifiki jioni. Inauma, kwa sababu karibu yote hayo yangeweza kuulizwa na kupimwa kabla hela haijatoka mfukoni.

Nimeuandika mwongozo huu kwa Mtanzania anayetoka kwenye kitochi, au anayemnunulia mzazi, mdogo wake au kijana anayeanza kazi. Utaratibu wake umegeuza ule wa dukani. Tunaanza na mtandao unaoshika nyumbani, tunapiga hesabu ya matumizi, na simu yenyewe tunaifikia baadaye. Simu ya laki nane mahali pasipo na mtandao haina kazi ya maana kuizidi kitochi.

Hatua ya 1: Pima mtandao pale unapolala na pale unapofanya kazi

Mitandao ambayo mtu wa kawaida atakutana nayo ni Vodacom, Airtel, Yas (iliyokuwa ikiitwa Tigo hadi Novemba 2024), Halotel na TTCL. Mjini tofauti yao ni bei, na jinsi kasi inavyoshuka jioni watu wakirudi nyumbani. Kijijini tofauti ni kubwa zaidi, kwa sababu mnara wa karibu mara nyingi ni wa kampuni moja tu. Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, hutoa ruzuku ili kampuni zijenge minara kwenye kata ambazo biashara peke yake isingewapeleka. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 kwa mkupuo. Kama kata yenu imo kwenye mpango wa namna hiyo, ulizia mnara ni wa nani kabla ya kuchagua laini.

Usiridhike na kuambiwa "huku inashika". Muombe jirani au mgeni mwenye simu janja akae ndani ya chumba chako saa mbili usiku, mlango ukiwa umefungwa, afungue video fupi na ampigie mtu simu ya WhatsApp. Alama ya 4G (intaneti ya kasi) pale juu inaweza kuonekana huku data haitembei, hivyo angalia kama video inaanza bila kuzunguka. Rudieni jaribio hilo sokoni, shambani au kijiweni, popote unaposhinda.

Ikitokea laini yako ya miaka yote haishiki vizuri, huhitaji kuitupa namba ambayo ndugu na wateja wanaijua. Tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao ukabaki na namba ileile: nenda na kitambulisho kwa wakala wa mtandao unaoutaka akuelekeze. Kabla ya kuhama, toa hela zote kwenye akaunti ya simu na ulipe madeni, maana salio la M-Pesa au Airtel Money halikufuati kwenye mtandao mpya. Njia nyepesi zaidi ni simu ya laini mbili, na simu nyingi za bei ya kawaida zina nafasi hiyo: laini ya zamani inabaki ya kupiga na ya hela, laini yenye data nzuri inakuwa ya intaneti.

Hatua ya 2: Hesabu matumizi, kisha soma bando

Hapa ndipo hela nyingi inapopotelea. Simu unainunua mara moja, ila bando unalilipa kila siku kwa miaka. Mtu anayetumia elfu moja kwa siku analipa 365,000 kwa mwaka, na kwa wengi hiyo inazidi bei ya simu yenyewe.

Chukua makadirio haya; MB na GB ni vipimo vya data, na GB 1 ni kama MB 1,000. Ujumbe wa maandishi wa WhatsApp ni mdogo mno hata kuhesabu. Simu ya sauti ya WhatsApp hula karibu nusu MB kwa dakika, na simu ya video hula kama MB 5 kwa dakika. YouTube kwenye ubora wa 360p hula karibu MB 300 kwa saa. Ukiiacha ijipandishe hadi 720p inaweza kupita GB 1. TikTok na video fupi za Instagram au Facebook zinaweza kumaliza MB 600 hadi GB 1 kwa saa, kwa sababu video inayofuata huanza kupakuliwa kabla hujaifikia.

Sasa waweke watu wawili. Mama anayeongea na watoto wake kwa WhatsApp dakika 15 kwa siku anatumia kama MB 225 kwa mwezi. Ongeza picha za kikundi cha ukoo na cha kanisa au msikiti, bado GB 1 hadi 2 inamtosha mwezi mzima. Kijana anayeangalia video fupi saa 2 kwa siku anahitaji GB 36 au zaidi. Kumnunulia yule mama bando la huyu kijana ni kutupa hela, na kumpa kijana bando la mama ni kumfanya akope salio kila wiki. Kwa hiyo andika kwenye karatasi unachotarajia kufanya na simu, uzidishe, upate GB zako za mwezi.

Ukishapata namba hiyo, linganisha mabando kwa bei ya MB moja. Bei hubadilika, kwa hiyo hizi ni za mfano tu. Bando la siku la shilingi 1,000 linalotoa MB 500 ni shilingi 2 kwa MB. Bando la mwezi la shilingi 10,000 linalotoa GB 4 ni kama shilingi 2.5 kwa MB. Kwa macho, la siku ni nafuu. Lakini ukitumia MB 200 tu kabla muda haujaisha, umelipa shilingi 5 kwa kila MB uliyoitumia, mara mbili ya yule wa mwezi. Mwenye matumizi madogo yanayokwenda polepole anunue la mwezi, au lisiloisha muda kama mtandao wake unalo, hata kama bei ya MB inaonekana kubwa. Bando la siku linamfaa mwenye kazi nzito ya siku moja: kutuma nyaraka, kupakua masomo, kuangalia mechi.

Kisha soma yale yanayoandikwa kwa herufi ndogo. Bando la siku linaisha baada ya saa 24 au linaisha saa sita usiku? Ukilinunua saa nne usiku, jibu hilo lina thamani ya bando lote. GB zilizotangazwa ni za muda wote, au sehemu yake ni za usiku wa manane tu? Dakika ni za mitandao yote au za mtandao wao wenyewe? Ukiwa na ndugu wengi walio mtandao mwingine, dakika 200 za "ndani ya mtandao" hazikusaidii. Mwanafunzi wa chuo aulizie mabando ya vyuo, kwa kawaida ni nafuu kuliko yanayouzwa kwa watu wote.

TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitoa kanuni za mabando zilizoanza Aprili 2021, na mojawapo inazitaka kampuni zikutaarifu bando likitumika asilimia 75 na likimalizika. Zisome meseji hizo, usizifute tu. Bando likiisha data ikiwa bado imewashwa, salio la kawaida linaweza kuliwa kwa bei ya juu. Kinga rahisi ni kutoongeza vocha kabisa: acha hela ibaki M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa, na ununue bando moja kwa moja kutoka huko. Na usijizoeshe salio la kukopa. Kila mkopo una ada yake, na mtu anayekopa kila siku ya tatu anaongeza gharama ya bando lake mwaka mzima bila kuiona mahali popote.

Hatua ya 3: Gawa bajeti

Usitumie hela yote kwenye simu. Kama una laki tatu, tenga elfu 25 hadi 30 pembeni kwa kava nene na protekta ya kioo, na hakikisha hela ya bando la mwezi wa kwanza ipo. Uliza pia kama ndani ya boksi kuna kichwa cha chaji. Baadhi ya simu za miaka ya karibuni, Samsung zikiwemo, huja na waya peke yake.

Hatua ya 4: Chagua simu kwa yale yanayoua simu

Simu zetu hufa kwa sababu chache zinazojulikana: kioo kupasuka, tundu la chaji kulegea, maji na vumbi, betri kuchoka kwa joto, na nafasi kujaa. Chagua ukiwa na hizo kichwani.

Anza na kioo. Kabla hujachagua modeli, nenda kwa fundi unayemwamini na umuulize maswali mawili: kioo cha simu hii ni bei gani, na kinapatikana hapa mjini au kinaagizwa? Majibu yake yanatenganisha simu itakayodumu na itakayowekwa kabatini. Vioo vya simu ni vya aina mbili kuu: cha LCD kwa kawaida ni rahisi kubadilisha kuliko cha AMOLED, ingawa AMOLED kina rangi nzuri zaidi. Kwa simu ya kwanza mimi napendekeza LCD iliyo bapa. Kioo kilichopinda pembeni kinapendeza, ila hakishiki protekta vizuri na kikipasuka ni gharama. Mgongo wa plastiki ni bora kuliko wa kioo: ukianguka unakwaruzika tu, hauvunjiki.

Kwa upande huo, modeli zilizoenea zinakuwa na faida. Tecno, Infinix na Itel ni za kampuni moja, Transsion, na huduma yao baada ya mauzo hufanywa na Carlcare. Samsung za daraja la A nazo vipuri vyake vimejaa. Simu ngeni yenye sifa kubwa kwenye karatasi inaweza kukosa hata kava. Hali hiyo inazihusu pia zile simu nene za kazi ngumu, kama Doogee, Ulefone, Oukitel na Blackview. Zinavumilia kuanguka na kumwagikiwa maji, na betri zake ni kubwa kweli. Anayeshinda mgodini, baharini au kwenye ujenzi anaweza kuzihitaji. Lakini ni nzito, na ukifikia kuhitaji kioo au betri utasubiri kiagizwe. Kwa mtu wa kawaida, simu ya kawaida ndani ya kava yenye kingo zilizoinuka inatosha.

Maji na vumbi hupimwa kwa alama ya IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP54 inavumilia vumbi kiasi na matone ya mvua, si kuzamishwa. IP67 imepimwa kwa kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30 kwenye maji safi. Maji ya bahari na ya sabuni ni habari nyingine. Kinga hiyo hupungua simu ikizeeka, na ikifunguliwa na fundi ihesabu imekwisha. Simu isiyo na alama yoyote ichukulie kuwa haina kinga.

Tundu la chaji liwe la USB-C. Lile la zamani la micro USB lina upande wake, na watu wakiingiza waya gizani hulilazimisha hadi linalegea. USB-C huingia upande wowote, na chaja zake zinapatikana kila mahali, ikizingatiwa kwamba hata Umoja wa Ulaya uliifanya kuwa ya lazima kwa simu mpya kuanzia Desemba 2024.

Betri iwe ya mAh 5,000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri). Kwa matumizi ya wastani inafika siku nzima na kupita, jambo la maana kwa anayechajisha dukani au kwa sola.

RAM (kumbukumbu ambayo simu hufanyia kazi) na nafasi ya kuhifadhi ndipo udanganyifu usiovunja sheria unapoishi. Boksi linaandika "8GB" kwa maandishi makubwa, na pembeni kwa udogo "4GB + 4GB". RAM ya kweli ni ile 4 ya kwanza; nyingine ni kipande cha nafasi ya kuhifadhi kilichoazimwa, nacho ni cha polepole. Lipia ile ya kweli. RAM ya 2GB usiiguse mwaka huu, 3GB ni ya kuvumilia, 4GB ndiyo ya kuanzia. Nafasi iwe 64GB kwa uchache, ukijua kwamba mfumo wenyewe unaweza kula 15 hadi 20. Kama tofauti ya kufika 128GB ni ndogo, ilipe. Kadi ya kumbukumbu hubeba picha na nyimbo, ila programu zenyewe na mafaili yake mengi hubaki ndani ya simu.

Toleo la Android, mfumo unaoendesha simu, liwe la karibuni. Chini ya Android 13 usinunue simu inayoitwa mpya. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4 mwanzoni mwa 2025, na mwaka 2024 iliondolewa kwenye duka la programu la KaiOS, mfumo wa zile simu za vitufe zilizouzwa kama "smart kitochi". Waliozinunua kwa ajili ya WhatsApp walibaki na tochi na redio. Uliza simu imeahidiwa masasisho ya usalama kwa miaka mingapi. Galaxy A16 ya Samsung, iliyotoka 2024, iliahidiwa miaka 6, na hilo linaifanya iwe ya kufikiriwa hata kama bei imezidi kidogo bajeti. Simu nyingi za bei ya chini haziahidi chochote cha maana.

Kamera: yoyote kati ya hizi itapiga picha ya kuonekana mchana. Idadi ya lenzi mgongoni isikubadilishie uamuzi.

Neno kwa bodaboda. Mtetemo wa pikipiki unaweza kuharibu kamera zenye kitulizo cha picha ndani yake, yaani sehemu inayozuia picha isitikisike; Apple wenyewe walitoa onyo hilo kwa iPhone mwaka 2021. Kama unafunga simu kwenye usukani ili uone ramani, tumia simu ya bei nafuu isiyo na kitulizo hicho, na kishikio chenye mpira wa kupunguza mtikisiko.

Hatua ya 5: Mpya, used au ya mkopo?

Used nzuri inaweza kuizidi mpya ya bei ileile. Samsung ya miaka miwili iliyokuwa ya laki saba inaweza kuwa na kioo na vifaa vya ndani bora kuliko simu mpya ya laki tatu. Hatari yake iko kwenye betri, kufuli na mawimbi.

Simu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza isiyashike mawimbi ya 4G yanayotumika huku, hasa yale ya chini ya 700 na 800 MHz yanayofika mbali vijijini. Mjini utaiona nzima, ukienda kwenu inashuka hadi 3G au 2G. iPhone za Marekani kuanzia iPhone 14 hazina hata tundu la laini; zinatumia eSIM tu, laini ya kidijitali isiyo na kadi. Kabla ya kulipa, weka laini yako ndani, subiri 4G ionekane, na utumie data hapohapo.

Kufuli ni baya zaidi. Simu ya Android iliyofutwa kienyeji itadai akaunti ya Google ya mwenyewe wa kwanza, na iPhone itadai akaunti yake ya Apple (iCloud). Usikubali "nitakutolea kesho". Ifutwe mbele yako kupitia mipangilio, iwashwe upya, uifuate hadi ukurasa wa mwanzo. Ikidai akaunti usiyoijua, irudishe.

Simu za mkopo zinawasaidia wasio na hela ya mkupuo, na sizipingi. Piga tu hesabu yote. Mfano: kianzio 60,000, kisha 1,200 kwa siku kwa siku 365, jumla ni 498,000. Kama simu hiyo dukani ni 300,000, mkopo umekugharimu 198,000. Kwa dereva ambaye simu inamwingizia hela kila siku, inaweza kulipa. Kwa simu ya kuangalia video, bora uweke 1,200 hiyohiyo kibubu. Pamoja na kianzio utaifikia bei ya taslimu ndani ya siku 200. Kumbuka pia kwamba simu hizi hujifunga ukichelewa kulipa, na siku uliyoishiwa ndiyo siku unayoihitaji kupiga.

Hatua ya 6: Kagua dukani bila haraka

Nunua duka lenye mlango, jina na risiti. Kariakoo, mitaa ya Aggrey na inayoizunguka, kuna maduka ya kuaminika mengi, na nje yake kuna watu wanaonesha simu nzuri mkononi kwa nusu bei. Wanaonunua kwao wamefungua boksi nyumbani wakakuta sabuni. Usinunue simu barabarani hata kama umeishika na kuiwasha mwenyewe, maana hubadilishwa wakati inarudi kwenye boksi.

Ukiwa kaunta, fanya haya kwa mfuatano. Piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15; zilingane na za kwenye boksi. Tuma namba hiyo kwa meseji kwenda 15090, huduma ya TCRA ya kuhakiki simu. Jibu litakutajia aina ya simu. Likitaja aina nyingine, au likikosa kuitambua, ondoka. Tangu Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia, hakuna sababu ya mtu kuuziwa simu yenye IMEI ya kughushi.

Kisha fungua Play Store, nenda kwenye mipangilio yake, sehemu ya "Kuhusu", uone kama kifaa kimeidhinishwa. Simu feki zinazoiga Samsung mara nyingi hukwama hapo. Kwenye Samsung piga pia *#0*#. Utafunguka ukurasa wa majaribio wa kupima rangi za kioo na tachi. Kwa simu nyingine, buruta alama ya programu moja kioo kizima, pembe hadi pembe: ikidondoka njiani, hapo tachi ina tatizo.

Chomeka chaji na uutikise waya polepole, chaji isikatike. Piga simu ya kweli usikie na usikike, jaribu spika, kamera zote mbili, tochi, Wi-Fi, na laini zote mbili. Ingia Mipangilio, "Kuhusu simu", usome RAM na nafasi. Simu ya laki moja na nusu inayosema ina 512GB inadanganya. Kwa iPhone used, soma afya ya betri. Ikiwa chini ya asilimia 80, punguza bei kwa gharama ya betri mpya.

Muuzaji akionesha kuchoka, mwambie kwa upole, "Ndugu yangu, nakagua ili nisikurudie." Wa kweli atakusubiri.

Dai risiti ya EFD iliyoandikwa modeli na IMEI, pamoja na muda wa waranti, na uulize waranti inahudumiwa na nani: duka lenyewe au kituo cha kampuni. Kioo kilichopasuka na simu iliyoingia maji kwa kawaida havimo kwenye waranti.

Hatua ya 7: Iandae vizuri siku ya kwanza

Hili nalisisitiza kuliko mengine yote: akaunti ya Google iwe yako. Madukani hutokea kijana akakufungulia simu kwa barua pepe yake au ya kubuni ili mambo yaende haraka. Siku simu ikijifunga au ukitaka kuhamisha picha, hakuna anayeijua nywila. Fungua akaunti mwenyewe, kwa namba yako, na nywila uiandike kwenye daftari linalokaa nyumbani.

Kama unasajili laini mpya, utahitaji namba ya NIDA na alama ya kidole. Wakala akikuambia alama haijasoma, uweke tena na tena, kuwa macho, kuna wanaotumia njia hiyo kusajili laini nyingine kwa jina lako. Ukimaliza, piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoijua uiripoti kwa mtandao husika.

Badili lugha iwe Kiswahili kama ndiyo inayokukaa. Kwa mzazi, kuza maandishi na uache ukurasa wa mwanzo na vitu vitano tu: simu, meseji, WhatsApp, kamera na programu ya hela. Weka nywila ya kufungua skrini isiyofanana na PIN ya M-Pesa. Kwenye WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili, na umwambie mzazi mapema kwamba namba ya tarakimu sita inayotumwa kwa meseji haitajiwi mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kampuni ya simu. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipelekwe 15040.

Sasa linda bando. Kwenye WhatsApp, ingia sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa kiotomatiki wa picha, sauti na video kwa data ya simu, na uchague matumizi madogo ya data kwa simu za sauti. Washa Kiokoa Data kwenye mipangilio ya simu. Play Store isasishe programu kwa Wi-Fi tu. Facebook na Instagram zizimwe video zinazocheza zenyewe, na YouTube iwekwe kwenye ubora wa chini. Baada ya wiki moja fungua sehemu ya matumizi ya data uone programu ipi inaongoza, kisha urudi kwenye karatasi yako ya hatua ya 2 urekebishe aina ya bando.

Hatua ya 8: Itunze, na ujue la kufanya ikipotea

Joto huua betri kuliko kingine chochote. Usiiache kwenye dashibodi ya gari, wala usiichaji chini ya mto. Ukiweza, ichomoe ikifika asilimia 80 na uichomeke ikikaribia 20. Umeme ukikatika ikiwa kwenye chaji, ichomoe hadi umeme urudi na utulie. Vumbi la mfuko hujaa kwenye tundu la chaji hadi waya haukai; litoe kwa kijiti kikavu cha mbao simu ikiwa imezimwa, kamwe usitumie sindano. Ikiingia maji, izime, toa laini, ifute na uipeleke kwa fundi siku hiyohiyo bila kujaribu kuiwasha wala kuichaji. Kuifukia kwenye mchele hakutoi maji yaliyoingia kwenye bodi.

Ikiibiwa, mpangilio ni huu. Kwanza pigia huduma kwa wateja wa mtandao wako kwa simu ya mtu mwingine, wafunge laini na akaunti ya hela. Pili, kwenye simu ya mtu unayemwamini, ingia huduma ya Google ya kutafuta kifaa kwa akaunti yako, uifunge au uifute simu kwa mbali, kisha utoke kwenye akaunti. Tatu, nenda polisi na IMEI yako upate RB, namba ya taarifa yako. Nne, chukua RB na kitambulisho, nenda duka la mtandao wako urudishiwe laini yenye namba ileile na uombe IMEI ya simu iliyoibiwa ifungiwe. Bila boksi au risiti yenye IMEI utakwama pale polisi, kwa hiyo vipige picha leo na umtumie ndugu mmoja avihifadhi.